Visigino vya Kitangulia

Nchi ya Kitangulia haionekani kwenye ramani za shule, na wenyeji wake wanaeleza kwamba ni kwa sababu iko mbele ya ukingo wa karatasi. Habari zake tulizo nazo zimeletwa na kuruta mmoja aliyekaa huko siku tisa kikazi. Hakwenda kwa hiari yake, wala hakurudi na zawadi yoyote, kwa hiyo hatuna sababu ya kumtilia shaka.

Kuruta huyo aliitwa Nyangeta, binti wa miaka ishirini, mrefu, mwenye jicho kali la shabaha. Katika miezi sita ya mafunzo aliongoza kwa kulenga, akawa wa pili kwa mbio, na kwenye fomu ya kuomba kazi akajaza kwa herufi kubwa kwamba anataka kuwa mpelelezi wa mbele, yaani wale wanaotangulia kikosi kutazama njia. Mama yake nyumbani alikuwa ameshautangazia mtaa mzima. Siku ya kupangiwa kazi ofisa alisoma majina harakaharaka, na alipofika kwake akasoma, "Nyangeta, karakana ya viatu." Wenzake walicheka kidogo, kisha wakajizuia, na kule kujizuia ndiko kulikomuuma zaidi.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mpira wa tairi, chini ya Sajini Lwitiko, mzee mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea viatu. Kazi ilikuwa kutengeneza buti za watu mia nane. Ukutani kulikuwa na safu ya misumari, na kila msumari, isipokuwa mmoja, umetundikwa pateni, yaani kiolezo cha karatasi cha kukatia soli au kisigino, yenye sahihi ya sajini. Pateni isiyopimwa na kusainiwa haikutundikwa. Nyangeta alikata tatu katika miezi miwili, na zote tatu sajini alizirudisha mezani bila sahihi. Lakini hilo angelivumilia. Kilichomkereketa ni kwamba kikosi kikitoka kwa matembezi, fundi viatu hutembea wa mwisho kabisa, na mkoba wa nyundo begani, ili kumwokota yeyote ambaye kiatu kimemsaliti njiani. Yeye aliyeota kuona njia kabla ya wote alikuwa anakula vumbi la miguu elfu moja na mia sita.

Mwisho wa mwezi wa pili aliandika barua ya kuomba kuacha jeshi. Ilihitaji sahihi ya mkuu wake. Sajini Lwitiko aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akamrudishia. Akamwambia kwamba kesho wanaondoka kwenda Kitangulia, jeshi la huko limeomba mafundi wawili.

"Tukirudi, kama bado unataka, nitaweka sahihi," alisema. "Sitakuuliza swali hata moja."

Nyangeta aliuliza kama afande hakukasirika.

"Mimi niliomba tarumbeta," sajini alijibu. "Wakanipa nyundo. Nilikasirika miaka miwili. Mwaka wa tatu kazi zilizidi, nikasahau kukasirika."

Barua ikaingia mfuko wa shati, na kifungo kikafungwa.

Walipofika Kitangulia, jambo la kwanza waliloliona ni jiwe kubwa mpakani lililochongwa sheria kuu ya nchi hiyo: Hakuna mwana wa Kitangulia atakayekuwa wa mwisho. Jambo la pili ni kwamba hawakuweza kuipata kambi, kwa sababu walielekezwa Barabara ya Kwanza, na barabara zote za mji huo zinaitwa Barabara ya Kwanza. Walizunguka nusu siku. Kila waliyemuuliza alikuwa mwenye adabu sana, lakini hakukubali kuwaongoza mpaka wao watembee sambamba naye, kwa hiyo waliziba njia na kusukumana na wengine waliokuwa nao wanaongozana sambamba.

Kambini walipokelewa na Jemadari Shangwe. Tuseme mapema kwamba cheo hicho hakimaanishi alikuwa mkubwa wa mtu yeyote. Jeshi la Kitangulia lina askari mia nne na kumi na wawili, na wote ni majemadari, maana cheo chochote cha chini kingemweka mtu nyuma ya mwenzake. Bendi yao ina ngoma kuu ishirini na haina ngoma ndogo hata moja. Jikoni kuna Wakuu wa Chungu tisa, lakini hakuna anayekwenda kuleta kuni, na kwa sababu hiyo jeshi zima hula karanga. Shangwe, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye kifua kilichojaa nishani, aliwaeleza wageni kwamba karanga ni chakula cha heshima kwa sababu hakihitaji msaidizi.

Nyangeta hakuwa akisikiliza karanga. Alikuwa akiwatazama namna wanavyosimama. Kila jemadari alikuwa ameinama kinyumenyume, kifua juu, kidevu juu, macho mawinguni, kama mtu anayejaribu kumkwepa nyuki usoni. Hata kutembea walitembea hivyo. Watoto wa mji, wasio na viatu kabisa, walifundishwa mwendo huo shuleni, na wageni wengi waliopita huko wameandika kwamba Kitangulia ni taifa lenye maringo.

Sajini Lwitiko aliomba kuona kiatu kimoja. Kililetwa na kijana wa miaka kumi na tisa, Jemadari Tabu. Pua ya kiatu ilikuwa inang'aa kiasi cha kujitazamia. Sajini akakigeuza. Kisigino hakikuwepo. Kilikuwa kimelika chote, mpaka ngozi ya ndani ikaonekana. Wakaomba kingine, na kingine, na vyote vilikuwa hivyohivyo. Kumbe taifa zima lilikuwa linaangukia nyuma taratibu na kujizuia kwa fahari.

Sababu yake Shangwe aliitoa bila aibu yoyote. Kisigino kiko nyuma ya kiatu. Mtu atakayepewa kazi ya visigino atakuwa mtu wa nyuma, na sheria iko wazi. Walikuwa na Mkuu wa Pua, Mkuu wa Kamba na Mkuu wa Ulimi wa Kiatu, na wote watatu walikuwa hodari. Kisigino hakikuwa na mtu kwa muda wa miaka sitini. Na wasingeita mafundi hata sasa, ila mto umejaa. Mji wa Ng'ambo uko bondeni mwendo wa nusu siku kwa miguu, tuta lake limeanza kumeguka, na watu wa huko wanaandika barua kila wiki wakiomba jeshi lije kujaza mchanga. Jeshi lilitoka mara mbili. Mara zote mbili lilirudi baada ya robo saa, viuno vikiuma.

"Kwa hiyo mnataka visigino," Sajini Lwitiko alisema.

Shangwe alitazama huku na huku. Akasema kwamba barua yao rasmi ilitaja viungo vya ziada vya viatu, na angeshukuru kama wote wangeendelea kutumia maneno hayo.

Lakini Baraza la nchi, ambalo wajumbe wake nao ni majemadari, halikuwa limemaliza mjadala wake, na Nyangeta na mkuu wake walikaa siku mbili kwenye benchi la wageni wakisikiliza. Waheshimiwa walikaa katika mstari mmoja mrefu sana, kwa kuwa safu ya pili haikuruhusiwa, hivyo aliyeko pembeni huku hakumsikia aliyeko pembeni kule na hoja ilibidi ipitishwe mdomo kwa mdomo. Mmoja alisema mwendo wa kuinama nyuma ni urithi wa mababu na anayeuponya anawatukana marehemu. Mwingine akapendekeza kisigino kitambuliwe kuwa ni pua inayotazama upande mwingine. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi, likaundiwa kamati, na kamati ikaomba muda. Wakati huo barua nyingine ya Ng'ambo ikaingia ikisema maji yamebakiza dhiraa mbili kufika juu ya tuta. Ndipo Baraza likaazimia kwamba wageni si wana wa Kitangulia na wanaweza kugusa sehemu yoyote ya kiatu wanayoitaka, mradi mwenye kiatu atazame pembeni.

Basi kazi ikaanza. Siku nne kutwa, chini ya bati la ghala, mafundi wawili walikata mpira, wakapaka gundi, wakapiga misumari, na majemadari wakaja wakatazama pembeni. Siku ya kwanza Nyangeta alifanya kazi kwa hasira, na vidole vikapata habari yake. Siku ya pili hasira ilimpungukia, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu mzima aliyevaa nishani kumi na nne na soksi yenye tundu. Siku ya tatu aligundua kwamba akishika kiatu anajua mwenyewe anatembeaje, anaegemea upande gani, anaogopa kukanyaga wapi. Hakumwambia sajini. Ni mpelelezi gani anayejisifu kwa kusoma soli?

Siku ya nne alikuja Jemadari Tabu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo na umepinda kwa ndani, jambo ambalo amelificha maisha yake yote, na katika nchi ya watu wanaotembea wameinama nyuma halikuwa gumu kulificha. Hakuna pateni iliyomfaa. Nyangeta alichora moja, ikakataa, akachora ya pili, ikakataa, na karatasi za pateni zikaisha. Karatasi pekee iliyobaki ilikuwa ile ya mfukoni. Aliitoa, akaifikiria kidogo, akajiambia barua ataandika nyingine. Akaikalisha chini ya mguu wa kijana, akazungushia penseli, akakata. Kisigino kilichotokana nayo kilikuwa kinene upande mmoja na kibaya kukitazama, lakini Tabu alipokivaa na kusimama, alisimama wima.

Akashusha macho.

"Kumbe mna nyuso za kawaida," alisema.

Asubuhi yake jeshi lilitoka. Kutoka kambini halikuwa tatizo, kwani ukuta wa mbele ulishabomolewa zamani ili wote wapite kwa pamoja. Walitembea sambamba mia nne na kumi na wawili, wakikanyaga mashamba ya watu pande zote mbili, wima, wakishangaa mandhari ya nchi yao, maana wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona ardhi yake. Sajini Lwitiko alibaki ghalani na viatu vya akiba. Nyangeta alikwenda na mkoba.

Kabla ya saa sita wakafika mtoni, na hapo wote wakasimama. Daraja lilikuwa la kamba na mbao, upana wake mtu mmoja.

Majemadari walijipanga ukingoni kama uzio. Ng'ambo ya pili, kwenye tuta, watu walionekana na majembe na madebe, na wanawake walikuwa wanapunga kanga. Baraza likaitishwa palepale. Mmoja akashauri daraja lipanuliwe, akakadiria miaka kumi na moja. Wawili wakajaribu kupita ubavuubavu, wakakwama hatua ya tatu, ikabidi wavutwe kwa mikanda. Maji yalikuwa yanapanda huku wakijadili, na Nyangeta aliyaona yanavyolamba mizizi ya matete. Alikuwa ameketi siku nne akiwapigia misumari watu hawa, na sasa wako wima, wana visigino, na hawaendi popote.

Akamwendea Jemadari Shangwe, akamuuliza zamani walitembeaje. Shangwe alisema zamani sana walitembea kwa mstari, mtu nyuma ya mtu. Lakini aliyekuwa wa mwisho alilalamika kwamba sheria imevunjwa, naye akaondolewa. Basi aliyemtangulia akajikuta wa mwisho, akalalamika, akaondolewa naye. Wakaendelea kuondoa wa mwisho mpaka mstari ukaisha, wakaona heri wote wawe sambamba.

"Sheria inakataza mtu kuwa wa mwisho," Nyangeta alisema. "Haijakataza mtu kuwa mbele yako."

"Ni jambo lilelile."

"Si lilelile, afande. Mimi nitakuwa wa mwisho. Kwetu ndiyo kazi yangu."

Neno hilo lilipita kwenye mstari kutoka mdomo hadi mdomo mpaka mwisho wa ukingo, likarudi. Watu walimtazama kama mtu aliyesema anakula mawe. Baraza lililichunguza pendekezo kwa makini, likatafuta kosa ndani yake, likakosa. Huyu si mwana wa Kitangulia. Akitembea nyuma ya wote, basi kila mwana wa Kitangulia ana mtu nyuma yake, na hakuna aliye wa mwisho. Shangwe, kwa huruma kubwa, alimuuliza kama angependa nishani kwanza. Nyangeta alisema angependa waharakishe.

Ubishi uliotarajiwa, wa nani atangulie, haukutokea. Kwa kuwa hakukuwa tena na nafasi ya kuikimbia, hapakuwa na sababu ya kusukumana. Tabu alikuwa karibu na daraja, akaingia, mwingine akaingia nyuma yake, na mwingine. Nyangeta alisimama kando na mkoba wake mpaka wa mia nne na kumi na wawili akapita, kisha akafuata. Na huko nyuma ndipo alipoona kitu ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukiona: mstari mrefu unaovuka mto, na katika kila hatua kisigino kinainuka, kipya, cheusi, misumari yake inameta kwa jua, na kila kimoja alikijua. Alifurahi mpaka akaona haya, akacheka peke yake juu ya maji.

Baada ya daraja, njia ilipanda mawe. Pembeni, nyuma ya kichaka, alimkuta Jemadari Shangwe amekaa chini, kiatu mkononi. Kisigino kilikuwa kimebanduka. Mstari wote ulishapita, na hakuna aliyegeuka, kwa kuwa katika nchi hiyo kugeuka hakufundishwi. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu.

"Usimwambie mtu kwamba nilibaki," alisema.

Nyangeta alipiga goti, akatoa nyundo. "Hujabaki, afande. Mimi niko hapa. Kwa hiyo wewe si wa mwisho."

Misumari mitatu, gundi kidogo. Shangwe hakutazama pembeni. Aliutazama mkono wa fundi mpaka alipomaliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani anayemsaidia yule aliye wa mwisho kabisa. Nyangeta alisema hajui bado, ila mpaka sasa hajapata nafasi ya kuhitaji. Akamsaidia kusimama, akamwacha atangulie.

Tuta la Ng'ambo lilijazwa siku hiyo. Mifuko ya mchanga ilipitishwa mkono kwa mkono, jambo linalowezekana tu watu wakisimama kwa mstari, na aliyekuwa mwisho wa mstari huo ndiye aliyeilaza mifuko mahali pake. Maji yalisimama shubiri moja chini ya kilele cha tuta. Watu wa Ng'ambo walipika ugali na samaki wa mtoni, na jeshi la Kitangulia likala chakula cha moto kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake. Inasemekana Wakuu wa Chungu walilia.

Baraza, kwa shukrani, liliunda Ofisi ya Mwisho, ili taifa lisitegemee wageni katika jambo nyeti kama hilo. Mafundi walipoondoka, waombaji arobaini walikuwa mlangoni mwa ofisi hiyo wakisukumana kila mmoja awe wa kwanza kusajiliwa. Tabu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa ghalani anajifunza kukata mpira, na alikuwa ameomba apewe nakala ya pateni yake.

Nyumbani, siku ya kwanza kazini, Sajini Lwitiko alipangusa meza, akafungua kalamu, akanyoosha mkono. Ahadi yake hakuwa ameisahau.

"Lete barua."

Nyangeta alifungua kifungo cha mfuko, akaweka mezani kipande cha karatasi chenye umbo la kisigino, kilichochakaa kwa gundi. Maneno "Kwa heshima" yalikuwa bado yanasomeka, na chini yake nusu ya jina lake. Sajini akavaa miwani, akakichukua, akakipima juu ya kalibu, ile mbao yenye umbo la mguu, akakigeuza na kukipima tena.

"Kimepinda kwa ndani."

"Mguu wake ndivyo ulivyo, afande."

Sajini alikipima mara ya tatu, polepole, kama ilivyo desturi ya karakana. Halafu akaweka sahihi. Ukutani msumari uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, wa mwisho kwenye safu, karibu na mlango, na Nyangeta akakitundika hapo mwenyewe.